Namba za Fizi Zangu, 2013 hadi 2024

Ndani ya kabati la vyombo nyumbani kwangu Tanga, chini ya sahani za wageni, kuna bahasha ya kaki yenye karatasi 12 ambazo hakuna mtu mwingine wa nyumba hii aliyewahi kujishughulisha kuzisoma. Kila karatasi ina mchoro wa meno yaliyopangwa safu mbili, na kwa kila jino pameandikwa namba sita, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi. Karatasi ya kwanza ni ya Agosti 2013 na ya mwisho ni ya Septemba 2024. Ya mwaka 2020 haimo, na sababu ya kukosekana kwake nitaieleza, kwa kuwa pengo hilo limenifundisha juu ya tiba ya fizi kuliko karatasi zote zilizopo.

Walimu wenzangu wakisikia kwamba niliwahi kuwa na meno yanayotikisika na leo natafuna muhogo wa kuchoma bila wasiwasi, huniuliza nilitumia dawa gani nikapona. Swali hilo ni la haki, lakini ndani yake kuna dhana kwamba ugonjwa wa fizi una siku yake ya kupona, kama malaria. Mimi nimetibiwa mara mbili. Tiba ya kwanza haikudumu hata mwaka mmoja, ya pili imedumu miaka 11, na vifaa vilivyoingia mdomoni mwangu katika tiba zote mbili vilifanana sana. Tofauti ilikuwa katika mambo yaliyofuata baada ya mimi kushuka kwenye kiti.

Nyumbani kwetu damu ya fizi iliitwa kiseyeye, na dawa yake ilikuwa machungwa na ndimu. Kiseyeye cha kweli kipo, nacho hutokana na mwili kukosa vitamini C kwa muda mrefu, kama ilivyowapata mabaharia wa zamani; lakini sisi tulikulia katika mji ambao machungwa ya Muheza huuzwa kwa mafungu barabarani, na tuliyala mpaka midomo ikachubuka. Mama yangu aliendelea kutoka damu, kisha meno yakaanza kuachana, na alipofika umri wa miaka 50 alikuwa amebakiwa na meno tisa. Hakulalamika. Alisema kwamba meno ya ukoo wetu hayakai, na sisi watoto tuliipokea kauli hiyo kama tulivyopokea urefu wetu na rangi zetu.

Kwa hiyo mwaka 2008, nilipoanza kuamka na madoa ya damu kwenye foronya nikiwa na umri wa miaka 37, nilikwenda kusafishwa meno nikiamini kwamba naahirisha tu jambo ambalo halizuiliki. Zahanati niliyokwenda ilinisafisha kwa nusu saa, ikanipa dawa ya kusukutua na kuniambia nimepona. Hakuna aliyepima kina cha fizi zangu, hakuna aliyepiga eksirei, na hakuna aliyenipa tarehe ya kurudi. Damu ilikoma kwa miezi kama miwili na mimi nikafurahi. Ilipoanza tena, niliendelea kununua dawa ile ya kusukutua, yenye klorheksidini, na nikaitumia kwa nusu mwaka, ingawa kwa kawaida hutolewa kwa wiki chache tu. Meno yakawa na madoa ya kahawia na chai ikapoteza ladha. Kila fizi zilipovimba nilinunua metronidazoli na amoksilini kwenye duka la dawa, nikameza siku tano, uvimbe ukashuka, kisha baada ya miezi ukarudi mahali pale pale.

Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini mzunguko ule haukuwa na mwisho. Bakteria wa fizi hawaelei ovyo mdomoni. Hujenga utando juu ya jino, ule tunaouita ukoga, na ndani ya utando huo hulindana dhidi ya dawa. Ukoga ukikaa bila kuondolewa hugeuka kuwa ugaga, mgumu kama jiwe, na ugaga huo hushuka chini ya ufizi ambako mswaki haufiki na maji ya kusukutua hayaingii. Dawa za kumeza zina nafasi yake, kwa baadhi ya wagonjwa na pamoja na usafishaji wa mizizi ya meno, lakini kuzimeza zenyewe bila kusafishwa ni kupunguza moshi huku kuni zikiendelea kuwaka. Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba katika miaka ile mitano uvimbe uliokuwa ukishuka ulinifanya niamini kwamba ninatibiwa. Mwaka 2012 gego la chini kushoto likang'olewa, nalo lilitoka kirahisi sana, kwa sababu hapakuwa na mfupa wa kulishikilia.

Mwaka uliofuata mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa daktari wa meno wa Dar es Salaam aliyebobea katika fizi. Nilifika nikitarajia sindano. Yeye alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akamwita muuguzi akae na kalamu, akaniambia, "Mwalimu, leo sikutibu. Leo nataka tujue tunaanzia wapi." Akaanza kukitelezesha kijiti kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino, akitaja namba kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka: "Tatu, mbili, nne. Tano, nne, saba, damu. Saba, damu. Sita." Nilikuwa na meno 27, kwa hiyo zilitajwa namba 162. Mimi nafundisha hisabati, na nilipoelewa kwamba ufizi wenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3, nilianza kuhesabu kimya kimya zile zilizovuka. Sehemu 58 zilikuwa na milimita 5 au zaidi. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu uliacha kuwa habari ya damu na ya ukoo, ukawa kitu chenye mahali na kipimo.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa ulioshuka hadi karibu nusu ya mizizi kwenye magego kadhaa. Nilimwuliza kama mfupa ungerudi. Alisema kwamba kwa sehemu kubwa haurudi. Fizi zinazovimba na kutoka damu tu, mfupa ukiwa bado haujaguswa, hupona kabisa zikisafishwa, lakini mfupa ukishaliwa, kazi ya tiba ni kusimamisha ulaji. Kisha akasema maneno ambayo nimeyashika: "Kama hutaweza kurudi kila baada ya miezi mitatu, niambie leo, Mwalimu, ili tupange mambo tofauti. Nikikusafisha halafu ukapotea, nitakuwa nimechukua fedha zako bure."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtoa huduma akisema hivyo, nikamwuliza ana uhakika gani. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia tafiti, na kwa kuwa aliona nina hamu ya namba, aliendelea kunisimulia kila nilipokwenda. Aliniambia habari za Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, ambao mwaka 1965 walichapisha matokeo ya watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kusafisha meno: wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na waliporudia usafi uvimbe uliondoka kwa muda wa wiki moja hivi. Aliniambia pia habari za Uswidi, ambako mwaka 1977 Nyman, Lindhe na Rosling waliripoti wagonjwa 25 waliofanyiwa upasuaji wa fizi kwa mbinu tano tofauti bila kusimamiwa usafi wao wa kinywa baadaye. Katika miaka miwili mbinu zote tano zilishindwa, na fizi zikaendelea kuachia meno. Nilitulia sana niliposikia hilo. Upasuaji, ambao machoni pangu ulikuwa tiba ya juu kuliko zote, ulikuwa umeshindwa na ukoga wa kawaida.

Kwa upande mwingine kuna utafiti wa Marekani wa Hirschfeld na Wasserman, uliochapishwa mwaka 1978, wa wagonjwa 600 wa fizi waliotibiwa na kuendelea kuhudumiwa kwa wastani wa miaka 22. Asilimia 83 kati yao hawakupoteza zaidi ya meno 3 katika muda wote huo. Asilimia 13 hivi walipoteza meno 4 hadi 9, na asilimia 4 walipoteza meno 10 hadi 23 ingawa nao walihudumiwa. Nazipenda namba hizi kwa sababu hazimdanganyi mtu. Zinasema kwamba tiba inayoendelezwa huokoa meno ya wengi kwa miongo miwili, na zinasema pia kwamba wapo wachache ambao ugonjwa huwashinda hata wakifanya kila wanachoagizwa.

Kuhusu ukoo, niligundua kwamba mama hakuwa amekosea kabisa. Huko Sri Lanka, wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala huduma ya daktari walifuatiliwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Asilimia 8 waliharibikiwa haraka sana, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 ugonjwa haukusonga mbele, ingawa midomo yao yote ilijaa ukoga na ugaga. Hapa jirani, Machakos, watafiti waliopima watu zaidi ya 1,100 na kuchapisha matokeo mwaka 1988 walikuta vilevile kwamba uharibifu mkubwa ulijikusanya kwa watu wachache. Miili haifanani, na huenda sisi tumezaliwa upande wenye udhaifu. Lakini mama alitoa katika jambo hilo hitimisho la kukata tamaa, wakati mtu wa ukoo wa namna hiyo ndiye hasa anayepaswa kupimwa mapema na kurudi mara nyingi kuliko wengine.

Tiba yenyewe ilichukua safari nne, robo ya mdomo kila safari, chini ya ganzi. Mashine yenye maji ilitangulia, kisha vyuma vya mkono vikafuata, na sauti ya chuma kikikwaruza mzizi ilipita kwenye fuvu mpaka masikioni. Katika safari ya pili daktari aliweka kipande kimoja cha ugaga juu ya shashi akanionyesha. Kilikuwa cheusi, kidogo kuliko punje ya ufuta, chenye uso uliokwaruza kama tupa nilipokigusa kwa ukucha. Kilikuwa kimekaa chini ya ufizi wangu kwa miaka, na zahanati ya mwaka 2008 haikuwa imekifikia.

Baada ya miezi mitatu tulipima tena. Sehemu 58 zilikuwa zimebaki 17. Kwa hizo zilizokuwa bado na kina cha zaidi ya milimita 6 alinifanyia upasuaji wa kufungua fizi sehemu mbili, zikabaki sehemu 9. Alinieleza kwamba kwenye mifuko mirefu, yaani zile nafasi kati ya jino na ufizi ulioachia, upasuaji hupunguza kina zaidi katika mwaka wa kwanza, lakini miaka inavyopita tofauti kati yake na usafishaji wa kawaida hupungua, na kwenye mifuko mifupi hauna faida. Ndiyo maana hakuanza nao.

Kuna jambo ambalo napenda kila anayekwenda kutibiwa aambiwe mapema, kwa sababu nimewaona watu wakiacha tiba kwa ajili yake. Fizi zikipona hunywea. Meno yangu yalionekana marefu, kati yake pakatokea mianya, maji baridi yakaniuma kwa majuma kadhaa, na nyuzi za embe zikawa zinanasa mahali ambapo hazikuwahi kunasa. Dada mmoja jirani yangu, aliyesafishwa kwingine, aliamini kwamba vyuma vilimharibu meno na hakurudi tena. Hakuharibiwa, uvimbe ndio uliokuwa umejaza mianya, na ulipoondoka hali halisi ya mfupa ikaonekana. Mianya hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu ya kila usiku. Mswaki wa kawaida hauisafishi. Natumia vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya meno, vya ukubwa wa aina tatu, ambavyo kwa miaka mingi sikuvipata Tanga na nilikuwa nikivinunua vingi kwa pamoja Dar es Salaam. Naanza na gego la juu kulia, nazunguka, namaliza chini kulia. Huchukua dakika saba hivi, na nimeshazifanya nikiwa msibani, nikiwa safarini, na nikiwa na homa.

Kurudi kila miezi mitatu kulikuwa kugumu zaidi kuliko tiba. Sababu ya muda huo ni kwamba bakteria wa ndani ya mifuko, wakishaondolewa, hujijenga upya ndani ya wiki hadi miezi michache, kwa hiyo wanapaswa kuvurugwa kabla hawajakomaa. Lakini kulipa nauli ya basi kwenda Dar es Salaam mara nne kwa mwaka kwa ajili ya meno yasiyouma ni jambo ambalo mshahara wa mwalimu haulielewi. Nilikuwa nikiweka fungu kwenye kikoba chetu cha akina mama. Baadaye daktari alikubaliana na tabibu wa meno wa hapa Tanga anisafishe yeye, na mimi niende Dar es Salaam mara moja tu kwa mwaka kwa kipimo kamili. Mpango huo wa nusu kwa nusu ndio uliofanya tiba iwezekane, na natamani wataalamu wengi zaidi wangeupanga hivyo kwa wagonjwa wa mikoani badala ya kuwaambia warudi bila kuuliza watarudi kwa njia gani.

Mwaka 2017 nilipoteza gego la juu, ambalo mfupa kati ya mizizi yake ulikuwa umeliwa tangu mwanzo. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba meno ya aina hiyo ndiyo hutangulia kuondoka. Mwaka 2019 sehemu zenye milimita 5 au zaidi zilikuwa 6 tu. Kisha ukaja mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulitufanya tuogope kukaa mdomo wazi mbele ya mtu, na mwaka ule ule mama akaanza kuugua. Nilimwuguza mpaka alipofariki Novemba. Dakika zangu saba za usiku zikawa dakika mbili, na kwa tabibu sikwenda kwa miezi 16. Hakuna kilichouma wakati wote huo. Nilipokwenda kupimwa mwaka 2021, sehemu zilikuwa zimepanda kutoka 6 hadi 21, na jino moja la mbele ya magego lilikuwa limelegea kiasi kwamba liliondolewa mwaka huo huo. Nilitazama karatasi mbili hizo, ya 2019 na ya 2021, zikiwa zimewekwa pamoja juu ya meza, na nikaona kwamba miaka saba ya kazi haikuniwekea akiba ya kutosha kuvuka mwaka mmoja na ushee wa kupumzika.

Kaka yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alitibiwa na daktari yule yule mwaka 2014. Alikuwa na kina kinacholingana na changu, akasafishwa kwa safari nne vilevile, na baada ya kurudi mara mbili akaona fizi hazitoki damu akaacha. Anavuta sigara, na sigara hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji zinaweza kuliwa bila kutoa damu ya kumwonya. Ana kisukari pia. Kisukari kisichodhibitiwa huharakisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa nazo huzidisha sukari. Tafiti zimeonyesha kwamba kutibu fizi kwa mgonjwa wa kisukari hushusha kile kipimo cha wastani wa sukari cha miezi mitatu kwa karibu pointi 0.4 za asilimia, kwa mfano kutoka asilimia 8.4 hadi 8.0. Hakuna aliyemwambia hilo katika kliniki yake ya sukari. Aliporudi kwa daktari wa meno mwaka 2022 alikuwa na meno 11. Namhurumia, na sioni haki ya kumlaumu, kwa sababu mimi nilifanya kosa lile lile kwa miezi 16 na yeye alilifanya kwa miaka saba.

Septemba 2024 nilikwenda na binti yangu mwenye umri wa miaka 24, ambaye hajawahi kuumwa jino. Nilimwomba daktari ampime sehemu zote. Namba zake zilikuwa 2 na 3, isipokuwa sehemu nne nyuma ya magego ya chini zilizofika milimita 4 na kutoka damu. Alisafishwa siku hiyo hiyo, akafundishwa kutumia uzi wa meno, na atarudi baada ya miezi sita. Eksirei yake ilionyesha mfupa mzima.

Mimi nimebakiwa na meno 25, na sehemu zenye milimita 5 au zaidi ni 8. Saba kati yake hazitoki damu na hazijabadilika tangu mwaka 2022, kwa hiyo tunaziacha na kuzilinda. Ya nane iko kwenye gego la chini kulia, nayo imetoka milimita 5 hadi 6 ndani ya mwaka mmoja. Daktari alipendekeza kuifungua tena. Mimi nikaomba tujaribu kwanza kuisafisha kwa ganzi, nami niongeze kibrashi cha ukubwa wa juu mahali hapo asubuhi na usiku. Alikubali, akazungushia namba hiyo duara kwa kalamu nyekundu. Tutaipima Desemba.